Fomu Mbili za Tauno

Jirani yangu hapa mjini Thunder Bay, Tauno Heikkala, aliendesha lori la magogo miaka thelathini na moja, hadi mgongo ukagoma. Siku hiyo aliinama kufunga kamba za buti, akashindwa kuinuka. Tulimbeba kama kabati. Tangu hapo akawa mtu wa kulala sakafuni jikoni, mkewe Irja akimruka kwenda kupika.

Mwanzoni alitania. "Angalia unapokanyaga, mama. Zulia hili ni la ng'ambo." Baada ya mwaka utani ukakatika. Simu hapokei. Nikibisha hodi anajifanya amelala, na kupitia dirishani namwona macho kodo.

Kliniki walimpa fomu kila mara. Unalala vizuri? Kuna kinachokufurahisha? Umewahi kuona afadhali usiwepo? Tauno aliweka alama ya "sina shida" juu mpaka chini, mbio mbio.

Irja akachoka. Februari, wakiwa kwenye foleni, aliomba fomu ya pili, akaandika jina la mumewe, akajaza ukweli mtupu na kuipitisha dirisha la mapokezi pamoja na ya mumewe.

Muuguzi Delphine akawaita, akazilaza fomu zote mbili mezani.

"Mzee, leo mmekuja akina Tauno wawili. Mmoja ana raha zake. Mwenzake anafungulia bomba bafuni ili alie asisikike. Nimtibu yupi?"

Tauno akamgeukia mkewe. "We mwanamke! Umeghushi!"

"Nimeghushi jina tu. Hayo mengine ni uongo?"

Tauno akajibu kwa sauti ndogo: "Nilidhani bomba linafunika."

"Linafunika nini? Unasikika mpaka kwa jirani."

Ni kweli, nilikuwa namsikia, na sikuwahi kusema neno.

Delphine akamweleza kuwa maumivu yasiyoisha huichosha na akili, na hilo nalo lina tiba. Akampa dawa, mshauri wa kuzungumza naye, na kikundi cha wenye migongo mibovu, kila Jumatano.

Alikwenda akinung'unika. Viti kumi na viwili, waliokaa watatu. Wengine wameegemea ukuta. Tauno akajilaza chini bila kuomba ruhusa, akaiambia dari kwamba kuna asubuhi alizojuta kuamka.

Bernadine, msusi mstaafu, akashuka polepole, goti moja, la pili. "Hata mimi. Sogea basi, umemaliza sakafu yote!"

Mgongo haujapona. Lakini Jumatano hakosi, na huwahi mapema kabla hawajamnyang'anya nafasi ya karibu na hita.