Swali Nililomwekea Mzee Dolphus Mdomoni

Kuna mtu alipoteza kazi kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Nililitunga mimi.

Naitwa Verna, ni mkalimani. Serikali ya jimbo letu la kaskazini ikija hapa kijijini Willow Point kueleza vipaumbele vyake, mimi ndiye nakaa katikati na maikrofoni. Kiingereza kinaingia, Kidene, lugha yetu wenyeji, kinatoka. Wazee wakijibu, nageuza.

Miaka kumi na moja sikuwahi kuongeza neno wala kupunguza.

Mpaka alipokuja Leland.

Leland alikuwa afisa wetu wa nyumba. Mtu wa kusini, mrefu, mpole mpaka anaudhi.

Majira yale ya baridi nilikuwa mbali, natafsiri kwenye vikao vya mahakama. Mama yangu, Philomene, akakutwa na jirani amekaa jikoni kwake, kavaa koti na viatu vya nje. Chai ilikuwa imeganda kikombeni. Jiko limezimika.

Kifua kilikuwa kimembana vibaya. Ndege ikambeba hadi mji mkuu, na madaktari wakasema asirudi kuishi peke yake. Akawekwa kwenye makao ya wazee hukohuko, saa mbili angani kutoka kwetu.

Niliporudi nikaikuta ripoti ya maendeleo ya serikali ofisini. Nikaisoma nimesimama.

Kipaumbele cha kwanza: wazee wazeekee kwenye nyumba zao. Willow Point, nyumba tisa zimewekewa hita mpya za mafuta. Nyumba namba kumi na nne, kazi imekamilika.

Namba kumi na nne ni nyumba ya mama.

Nikaenda kuangalia. Jiko la kuni lilelile, bomba lilelile jeusi. Hita hakuna.

Nikamfuata Leland.

"Hita ya mama iko wapi?"

Akashusha kalamu. "Siwezi kulizungumzia hilo, Verna."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Sikubishana. Nilikata ule ukurasa wa ripoti nikaubandika kwenye friji. Kila asubuhi nausoma nikisubiri maji yachemke. Nikikutana na Leland dukani namchekea, namuuliza habari za mbwa wake. Moyoni nasema, subiri, siku yako inakuja.

Ilikuja mwezi wa nne. Waziri mwenyewe alitua na wasaidizi wake kueleza serikali imefika wapi. Ukumbi ulijaa. Leland akasimama, akasoma orodha yake: hita tisa, wazee tisa.

Nikatafsiri kwa sauti tamu.

Mzee Dolphus akanyoosha mkono. Ana miaka themanini na minne na hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Akauliza lini barabara ya makaburini itamwagwa kokoto, maana msimu wa matope majeneza yanabebwa kwa shida.

Nikavuta maikrofoni karibu.

"Mzee Dolphus anauliza," nikasema kwa Kiingereza, "hita ya nyumba namba kumi na nne iko wapi? Anasema ameingia humo na hakuiona."

Vijana wanaojua lugha zote mbili waligeuka kunitazama. Hakuna aliyefungua mdomo. Nyumba zao nazo zilikuwa zinavuja.

Waziri akamgeukia Leland. "Iko wapi?"

Leland akatazama safu ya tatu. Charlene alikuwa amekaa pale, mama kijana, na mapacha wake mapajani. Charlene akainamisha kichwa. Mimi nikadhani Leland anatafuta mlango.

"Haimo kwenye nyumba hiyo," akasema.

"Basi iko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Ripoti niliyoisoma bungeni inasema kazi imekamilika. Nani alitia sahihi?"

"Mimi."

Kila neno lake nililigeuza kwa Kidene taratibu, kama mtu anayelamba asali kijikoni. Ukumbi ukaanza kunguruma. Mtu akamwita mwizi. Nikalitafsiri na hilo pia, kwa Kiingereza safi, macho yangu yako usoni kwake.

Mzee Dolphus akanivuta shati. "Kwa hiyo kokoto zinakuja?"

"Zinakuja, babu."

Baada ya wiki mbili Leland alifukuzwa. Nilikwenda uwanja wa ndege makusudi kumwona akiondoka. Alikuwa na sanduku moja na mbwa wake.

"Msalimie mama," akaniambia.

"Ungemsalimia na hita yake," nikamjibu.

Watu wakacheka. Nisikudanganye, nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri wiki nzima.

Jumapili iliyofuata nikapanda ndege kwenda kwa mama, nimebeba samaki mkavu na habari yangu. Nikamsimulia yote, mpaka sauti ya waziri nikaiigiza.

Mama akaacha kutafuna.

"Nani alikwambia hita iliibiwa?"

"Mama, sikuiona ndani."

"Hukuiona kwa sababu iko kwa Charlene." Akaweka kipande cha samaki chini. "Waliponiletea, mimi nina jiko langu na nimelizoea. Yule mtoto ana mapacha wachanga na lake limepasuka. Nikamwambia Leland aipeleke kule. Akakataa, kanuni inasema ni za wazee peke yao. Nikamlilia siku tatu."

"Akakubali?"

"Akaivuta mwenyewe kwenye theluji. Tukakubaliana asiseme kwa mtu, maana wakijua wataing'oa. Kuni zangu akawa anapasua yeye, kila Jumamosi."

"Mbona ulikutwa jiko limezimika?"

"Wiki ile alikwenda kwao kumzika baba yake. Akaniuliza nani ataniletea kuni. Nikamwambia nitaomba jirani. Sikuomba."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia lini, Verna? Ukipiga simu unaongea wewe."

Kwenye ndege ya kurudi nikapiga hesabu.

Nikitaja ukweli wote, hita inang'olewa na watoto wawili wanalala kwenye baridi. Nikinyamaza, Leland anabaki mwizi. Pale ukumbini hilo ndilo alilolipima kwa sekunde chache, akachagua kubaki mwizi.

Nilimwandikia waziri kwamba swali lilikuwa langu, si la mzee. Wakaninyang'anya maikrofoni, na walikuwa na haki. Lakini Leland hawakumrudisha. Sahihi ilikuwa yake, na mimi hita sikuitaja ilipo.

Leland naye nilimwandikia, kurasa nne. Akanijibu mstari mmoja: "Mapacha wameshaanza kutembea?"

Naandika sasa kwa sababu kanuni imebadilishwa. Tangu mwaka jana nyumba zenye watoto wachanga nazo zimo kwenye kipaumbele cha kwanza, na hita ya Charlene imeandikwa kwa jina lake. Wanaita hayo maendeleo, na ni kweli ni maendeleo. Yamemkuta Leland anauza matairi kusini.

Kama unapanga kulipiza kisasi kwa niaba ya mtu, mwulize kwanza huyo mtu. Mimi nilikuwa na simu mfukoni miezi yote ile.