Binti Yeftha Alikuwa na Jina

Siku ile naikumbuka mpaka vumbi lake, mwanangu, na nitakusimulia kwa sababu nimesikia wamekukalia kikao. Eti unaandika hadithi za mke wa Lutu na Hajiri na Vashti, unawatia vinywani maneno ambayo hayamo katika Kitabu, na wazee wa kanisa wanataka uache. Umekuja kwangu umenuna, unangoja nikwambie uombe radhi yaishe. Basi umekosea nyumba. Vuta kigoda ukae.

Nilikuwa msichana wa kutosha kusaga uwele peke yangu, hapa hapa Ihumwa, Mdachi akiwa bado na boma lake na reli ndiyo kwanza inaletwa. Baba yangu alikuwa amekufa, kwa hiyo nililelewa na kaka yake, babamkubwa, mzee wa kanisa anayeheshimiwa. Chakula nilichokula kilikuwa chake. Na binti yake, Sechelela, tulilala ngozi moja.

Sechelela alikuwa na tabia yake. Baba yake akirudi safari, yeye ndiye wa kwanza kutoka mlangoni na ngoma, ameibana mapajani kama wanawake wa kwetu wanavyoipiga, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Mwalimu wa kanisa aliikemea ngoma ile mpaka akachoka.

Mwaka ule askari walipita kuchukua ng'ombe wa kuwalisha watu wa reli. Babamkubwa akawaficha ng'ombe wake, akakamatwa, akatiwa mnyororo. Tulijua kuwa wanaoingia mnyororo wa boma hawarudi wote. Jumbe wetu, mzee mwenye wake wengi na neno lake likisikilizwa bomani, akaenda kumwombea. Ndipo babamkubwa, chuma kikiwa shingoni, alipoapa mbele yake kwa jina la Mungu: nikifika kwangu salama, binti yangu ni wako. Akafunguliwa, akaja nyumbani, na Sechelela akatoka na ngoma. Babamkubwa alipomwona alipiga magoti akalia, nasi tukadhani ni furaha.

Alipotueleza, Sechelela aliiweka ngoma chini. Aliyesema ni bibi, mama yake babamkubwa, ambaye hakuwahi kubatizwa. Alimwuliza mwanawe ni dini gani hiyo ya kumtoa mtoto. Babamkubwa akamjibu kwa Kitabu.

"Hata Yeftha aliapa, mama. Alirudi toka vitani, binti yake akatoka kumlaki kwa ngoma, naye hakurudisha neno lake. Mimi ni nani nirudishe langu?"

Iliniuma, mwanangu. Iliniuma kwa sababu hadithi ile niliijua yote kwa moyo, mwalimu alitufundisha mwenyewe, na sikujua kama inaweza kushikwa mkononi kama fimbo. Kesho yake bibi akaniita pale kwenye jiwe la kusagia nimsimulie. Nikamsimulia ilivyo: baba alivyoapa kumtoa sadaka atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki, binti alivyotoka, alivyoomba miezi miwili akalie milimani pamoja na wenzake, alivyorudi akatimiziwa kiapo. Nilipofika mwisho nilikuwa nalia. Bibi macho makavu.

"Anaitwa nani?"

"Nani, bibi?"

"Huyo mtoto."

Nikamwambia hana jina, Kitabu hakikulitaja.

"Na huko milimani walizungumza nini muda wote huo?"

"Haikuandikwa."

"Sasa unamlilia nani?" akasema. "Jina lake hulijui, neno lake hulijui. Uliyonipa ni habari ya baba. Nenda ukanitafutie ya mtoto."

Alinikasirisha, nakwambia ukweli. Nilimwona kikongwe asiyejua kusoma, anataka kuongeza mambo ya Mungu. Lakini swali lake halikuniacha. Nikisaga namtafuta yule binti, nikichota maji namtafuta. Namwangalia Sechelela, ambaye siku hizo alikuwa anakula tonge mbili anasukuma chungu, na nikaanza kumsikia.

Jumapili moja mwalimu akanisimamisha nisimulie kanisani, kama alivyokuwa akitusimamisha sisi watoto. Alinichagulia habari hiyo hiyo ya Yeftha, maana siku ya Sechelela kupelekwa kwa jumbe ilikuwa imekaribia, naye alitaka kuwanyamazisha watu waliokuwa wananong'ona. Wanaume wamekaa upande wao, wanawake wao. Nikaanza vizuri. Nilipofika pale binti anapotoka mlangoni, nikasema, "Binti huyu hakutajwa jina. Mimi namwita Sechelela."

Mwalimu akaniambia nisome kilichoandikwa. Nikamwambia kilichoandikwa nimeshakisema, sasa nasema kilichobaki. Usidhani nilikuwa simba. Nikasema, "Huko milimani aliwaambia wenzake hivi: mimi siogopi nitakakopelekwa. Linaloniumiza ni kwamba baba alipoapa, alijua nani hutoka kwanza kumpokea. Hakuna mwingine. Kila siku hutoka mimi."

Babamkubwa akasimama. "Kaa chini, mtoto wewe."

"Sikai, babamkubwa. Sijamaliza."

Na hapo bibi, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani na siku ile alikuwa amekuja kukaa mlangoni, akaitikia kama tunavyoitikia hadithi nyumbani. "Ehee. Na bibi yake alikuwa wapi?"

Mwanamke mmoja akauliza, na mama yake yule binti je. Mwingine akauliza na wale wenzake, walimwachaje ashuke peke yake. Mwalimu akafunga ibada bila hata wimbo.

Gharama ililipwa, sikufichi. Mwalimu alinitoa darasa la ubatizo mpaka nitubu. Sikutubu. Nilikuja kubatizwa na mwalimu mwingine, mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Asubuhi baada ya Jumapili ile babamkubwa alijifunga shuka yake, akaenda kwa jumbe, akamwambia, "Aliyeapa ni mimi. Nichukue mimi." Jumbe akamrudisha bomani, wakamtia mnyororo tena, akabeba mawe ya reli tangu kiangazi mpaka mvua zikaanza kukatika.

Alirudi anachechemea, shingo ina kovu la duara. Alisimama nje ya mlango akikohoa, hakuthubutu kuingia. Sote ndani tulimwangalia Sechelela. Akainuka, akachukua ngoma, akatoka wa kwanza.

Alipokwisha kula akaniita. Nilijua ni fimbo, nikaenda nimeinamisha kichwa. Akasema, "Endelea pale nilipokukatiza."

Nikaendelea, mwanangu. Na yeye, mzee wa kanisa, akawa ananiitikia.

Sasa shika ninayokwambia. Usiombe radhi kwa kumpa mwanamke jina aliponyimwa. Kitabu ni kitakatifu, nami nakibusu, lakini wapo wanaokisoma wakiwa wamesimama upande wa baba tu, na hao wasikutishe. Wakikwambia maneno hayo hayakuandikwa, waambie ndiyo sababu umeshika kalamu. Ila usiwe mvivu. Usimtoe mwanamke mlangoni ili alie watu wamwonee huruma basi. Kaa naye mpaka umsikie, na ukishamsikia usipunguze neno, hata kama anayeambiwa ndiye anayekulisha.

Mungu aliyemwona Hajiri jangwani akuone na wewe kwenye kikao chao. Akupe ulimi usiokauka na mtu wa kukuitikia kutoka mlangoni. Uzae, ulee, uandike, uzeeke kama mimi na kiburi chako kikiwa kizima.

Haya, toa hayo makaratasi unisomee. Huyo mke wa Lutu, anaitwa nani?