Maji Chini ya Karavani

Karavani tulimoishi, nyumba ya bati ya kuvutwa na gari, ilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi wa barabara. Ilikuwa na vitanda viwili vya kukunja, meza iliyoshikizwa ukutani, jiko la gesi lisilo na gesi, na bafu lenye ukubwa wa kabati. Sakafu ya bafu ilikuwa ya bati lililoinama kidogo kuelekea kwenye tundu moja. Chini ya tundu palikuwa na kipande cha bomba kifupi kama kiganja, na bomba hilo liliishia hewani. Mtu akioga ndani, maji yake yalianguka nje, chini ya karavani, mbele ya macho ya yeyote aliyekuwapo.

Aliyeibuni alifikiria watu wanaopiga kambi porini leo na kuhama kesho. Hakufikiria familia itakayokaa humo miaka, kwenye uwanja wa mitambo mibovu chini ya kilima cha Lubaga, Kampala, wakati wanajeshi wanatawala.

Baba alikuwa fundi wa magreda, mitambo ya kusawazisha barabara. Vipuri vilipokwisha nchini, magreda na malori ya barabara yalivutwa hadi uwanjani yakaachwa hapo, na baba akaambiwa ayalinde. Karavani ndiyo ilikuwa nyumba aliyopewa. Tulikuwa watatu: baba, mama, na mimi niliyekuwa nimeacha shule nikiwa na miaka kumi na sita. Ndugu zangu wadogo walikuwa wamerudishwa kaskazini kwa babu. Majirani walijua kwamba tuko watatu.

Wa nne alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Alikuwa askari. Katika kambi yake, watu wa kwao walikuwa wakiitwa majina kwenye gwaride la asubuhi, wakipandishwa lori, magodoro yao yakikunjwa, na hawarudi. Siku moja alikwenda hospitali kung'olewa jino. Aliporudi, mwenzake alimkuta barabarani kabla hajafika getini, akamwambia neno moja tu: "Wamekunja godoro lako." Mjomba aligeuka hapo hapo. Alifika kwetu kwa miguu, shavu likiwa bado limevimba, na tangu hapo hakutoka karavanini wakati wa mchana.

Mtu akifichwa, chakula chake si tatizo kubwa. Unaweza kupunguza kwenye sahani zote. Maji ni jambo jingine. Bomba la uwanjani lilitoa hewa siku nyingi kuliko maji, kwa hiyo nilichota kwenye chemchemi ya bondeni, nikapanda na jerikani kichwani mbele ya milango ya watu. Maji ya watu watatu yanajulikana. Mji ulikuwa umejifunza kutazama mambo ya namna hiyo: nani ananunua mkate wa ziada, nani ameanika shati lisilomtosha mtu yeyote wa nyumba yake. Kama ningeongeza safari moja tu, kuna mtu angeiona.

Kwa sababu hiyo maji ya mjomba yalitoka kwenye maji yetu. Baba alining'iniza debe chini ya lile bomba fupi kwa waya. Asubuhi nilioga mimi, kisha mama, kwa kopo moja moja, bila sabuni ila siku za Jumamosi. Maji yaliyokusanyika niliyaingiza ndani na kuyaacha yatulie. Adhuhuri niliyateka yale ya juu kwa kopo, taratibu, ili taka za chini zisiamke, nikayachuja kwa kitambaa. Hayo ndiyo aliyoogea mjomba. Yake yaliingia tena kwenye debe, nikalowekea ovaroli za baba zenye grisi. Kisha nilipigia deki, na mwisho nikayamwaga chooni. Kila kopo lilifanya kazi mara nne.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo baba aliieleza mara moja tu. Wakati wa kiangazi ardhi ya uwanja ilikuwa vumbi la kijivu lililochanganyika na mafuta. Palipolowa palionekana kutoka getini. Vipepeo weupe walitua hapo kwa makundi, kana kwamba wametumwa kuonyesha mahali. Kwa hiyo tone lolote lisiguse ardhi. Na mjomba asioge kamwe isipokuwa mmoja wetu, anayejulikana, yuko ndani ya karavani, ili maji yakisikika yawe na mwenyewe.

Kanuni hiyo ilivunjwa na adabu.

Kulikuwa na sajini aliyezoea kupita uwanjani kutafuta betri na matairi kwa ajili ya magari ya kikosi chake. Alikuwa mtu wa kaskazini pia, si wa kwetu hasa, lakini wa karibu kiasi cha kumwita mama "dada". Kawaida alikuja na gari, na tulilisikia tangu barabarani. Alasiri ile alikuja kwa miguu. Baba alikuwa amekwenda mjini. Mimi nilikuwa nje nikisugua sufuria. Mama alikuwa ndani, na kwa sababu alikuwa ndani, mjomba alikuwa ameingia bafuni. Alikuwa na homa, na chini ya lile paa la bati hewa ilikuwa haivutiki.

"Hodi hapa," sajini aliita. "Dada iko?"

Kwetu mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba hutoka. Hasemi akiwa ndani. Miguu ya mama ilimtoa kabla akili haijamzuia. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga, akamwona ni nani, na nikaona amekumbuka.

Debe nilikuwa nimelimwaga punde. Tone la kwanza liliangukia bati tupu, likalia. Likafuata la pili, kisha mfululizo mwembamba.

Sajini alikuwa amekwisha kaa juu ya tairi la greda. Aliinama kidogo, akatazama chini ya karavani.

"Bwana iko wapi?"

"Ameenda mjini."

"Mtoto huyu hapa. Wewe huyu hapa." Alituhesabu kwa kidole, bila haraka. "Sasa nani naoga?"

"Mama yangu," alisema mama.

Nadhani lilikuwa ndilo neno la kwanza alilolipata. Bibi yangu mzaa mama alikuwa amekufa kabla mimi sijaanza shule. Lakini hilo sajini hakulijua, na halikuwa hilo lililomfanya anyanyue kichwa.

"Mama yako? Ile nakuzaa wewe?"

"Ndiyo."

"Na bwana yako nalala hapa?"

Kosa lilikuwa limefanyika, na sote watatu tulilijua. Kwetu, na kwao vilevile, mwanamume hakai chini ya paa moja na mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mkwe huacha njia na kupita majanini. Kulala naye ndani ya sanduku lenye vitanda viwili, na kusikia maji yake akioga, ni jambo ambalo hata mlevi angeona haya kulisingizia. Kama mama angesema ni mama wa mumewe, neno lingepita.

Sajini alianza kucheka, polepole, kwa pua. "Mkwe na mkwe, sanduku moja. Hii Kampala naharibu watu."

Mama hakurudi nyuma. Alikaa kwenye ngazi ya karavani, akajifunika uso kwa upindo wa kanga kama mtu aliyeaibishwa.

"Mume wangu analala kwenye greda," alisema. "Kule, kwenye chumba cha dereva. Mama amekuja mgonjwa, ningemtupa wapi? Wewe usitutangaze, ndugu yangu. Aibu niliyo nayo inanitosha."

Sajini alilitazama greda, kisha karavani. Aliinuka, akagonga ukuta wa bafu kwa kifundo cha kidole. "Mama, jambo."

Maji yalikatika. Nilisikia tone moja la mwisho.

"Mwanamke mzee yuko uchi," alisema mama, "atakujibu nini? Mama yako wewe angejibu?"

"Hapana," sajini alisema. "Yangu angenirushia kopo." Alivaa kofia yake. "Basi kesho nakuja kusalimia yeye vizuri. Nitaleta sukari. Nitampa kwa mkono."

Miaka ile sukari haikupatikana madukani hata kwa wenye pesa. Mtu aliyesema ataleta sukari kesho alikuwa anasema bila shaka yoyote kwamba atakuja.

Baba aliporudi, mama alimweleza alichosema. Baba hakumlaumu. Alichukua mkeka wake na blanketi, akavipeleka kwenye chumba cha dereva cha lile greda, akavitandika wazi, mahali pa kuonekana. Kisha akanituma kumwita mama wa Kikongo.

Huyo alikuwa mjane aliyetoka Kongo ya mashariki, akipanga chumba chini ya mteremko na kuuza mihogo ya kukaanga. Mtoto wa dada yake alikuwa dereva wa lori, akilaza gari lake kwenye magereji ya Kisenyi na kwenda upande wa mpakani. Baba alikuwa amezungumza na huyo mjane mapema kuhusu mjomba, kwa siku itakayolazimu. Sasa tulimwomba mambo mawili pamoja: njia ya kumtoa mtu, na yeye mwenyewe aje awe mama.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kuzeeka najua, ile haina mtihani," alisema. "Lakini sukari ya huyo mtu wa bunduki ni yangu miye. Tuelewane."

Mjomba aliondoka jioni ile ile, jua likiwa bado lipo, saa ambayo nusu ya mtaa hushuka kuchota maji. Alivaa ovaroli ya baba iliyokuwa bado na unyevu. Alibeba jerikani mbili tupu na mimi moja, tukashuka kati ya watu. Mtu mwenye jerikani hakuna aliyemtazama usoni. Homa ilikuwa inamtetemesha, nami nilimsemesha juu ya foleni na bei ya mkaa ili asinyamaze. Chemchemini dereva, aliyekuwa amepelekewa habari na mama wa Kikongo, alikuwa amesimama na jerikani zake. Walibadilishana neno, wakaelekea Kisenyi wakiwa na vyombo vitupu. Mimi nilijaza changu, nikapanda.

Kesho yake sajini alikuja. Sukari ilikuwa kwenye karatasi ya kaki. Mama wa Kikongo aliketi kitandani, amejitanda nguo ya mama, na sajini alichuchumaa mbele yake kama anavyopaswa kijana.

"Mama, unaamkaje?"

"Bado niko, papa. Mungu anasaidia. Na wewe, papa?"

Watu wa kaskazini hawamwiti kijana papa; hayo ni ya Kongo. Sajini alibaki amechuchumaa, fungu la sukari mikononi. Alimtazama mdomo, akatazama mikono yake yenye alama za mafuta ya kukaangia. Kisha akampa sukari kwa mikono miwili.

Alipotoka alimwambia mama, "Mama yako najifunza Kiswahili mbali sana."

"Ametembea," mama alijibu.

Tulidhani angerudi na wenzake. Alirudi peke yake, na akaendelea kurudi kila wiki, akiuliza hali ya mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa hakuweza kupona wala kuondoka. Mama wa Kikongo alihamia kwetu, na baba akaendelea kulala kwenye greda. Akikutana na yule mama uwanjani, aliacha njia, na yeye alijifunika uso, hata pasipokuwa na mtu. Alifanya hivyo kwa mbwembwe nyingi, akicheka chini ya kitambaa. Baba hakucheka. Hatukuwa tena na mtu wa kuficha, na tuliogopa kuliko tulipokuwa naye. Bado niliweka debe chini ya bomba, kwa sababu sajini alizoea kulitazama akiketi.

Siku moja alikuja bila kofia na bila bunduki. Viatu vyake vilikuwa na tope kavu hadi kwenye kifundo. Hakuuliza hali ya mgonjwa. Mama alikuwa anachambua mchele, nami nilikuwa karibu yake.

"Dada," alisema, macho yake yakiwa getini. "Yule mama ya kwanza. Yule aliyekuwa naoga. Alipita njia gani?"

Mama aliendelea kuchambua. Ndani ya karavani palikuwa kimya, na nilijua mama wa Kikongo anasikiliza. Kutoka kwa mjomba hatukuwa tumepata neno lolote. Kwa tulivyojua, alikuwa bado kwenye chumba cha nyuma cha gereji fulani, akingoja lori lipate mafuta. Nilimtazama sajini usoni. Nimejaribu tangu siku ile kukumbuka kama alikuwa na uso wa mtu anayewinda au wa mtu anayewindwa, na ninachokiona ni jasho tu. Ilikuwa siku ya joto.

"Mama yangu ni mmoja," alisema mama. "Yuko humo ndani. Nikuitie?"

Sajini alitikisa kichwa. Aliinuka, akaaga kwa adabu. Hakupita getini. Alizunguka nyuma ya malori, upande ambao ua ulikuwa umebomoka.

Habari ya mjomba ilitufikia kwa mdomo mvua zilipoanza: alikuwa amevuka, na alikuwa hai. Sajini hatukumwona tena.

Lakini kabla ya mvua hizo alikuja mwingine, koplo kijana, na askari wawili waliobaki wamesimama getini. Hakukaa. Aliuliza kama tulimfahamu sajini, alikuja hapa kufanya nini, na alikuwa akizungumza na nani.

"Alikuwa anamsalimia mama yangu," alisema mama. "Mgonjwa. Alimletea sukari, basi."

"Mwite huyo mama atoke."

Mlango ulifunguka, na mama wa Kikongo akashuka ngazi moja moja, ameinama, mkono kiunoni. Baba alikuwa anakuja kutoka upande wa magreda. Alipomwona, aliacha njia, akageuza uso, akasimama nyuma ya tangi la dizeli. Koplo alimtazama baba, akamtazama tena yule mama aliyekwisha jifunika, na tukangoja tuone kama kwao pia mkwe huacha njia.