Mistari Sita ya Percy Ramsden

Percy Ramsden wa Garsdyke, mji mdogo wa Uingereza, alikuwa na kazi ambayo mama yake hakuielewa mpaka anaingia kaburini. Majirani walipomuuliza mwanao anafanya nini pale kwenye gazeti la mji, mama alijibu kwa fahari kwamba anaandika. Hapo alikosea, maskini, kwa sababu Percy hakuandika hata neno. Percy alifuta. Kwa miaka thelathini na minane alikaa kwenye kiti kilekile, katika chumba kinachonuka wino na makoti yaliyolowa mvua, akifuta kwa kalamu ya bluu yale waliyoandika wengine.

Ugonjwa huo ulimwanza mapema. Baba yake alikuwa mfumaji kiwandani, mtu wa maneno machache, na alikuwa na kosa moja tu kubwa maishani: alimwachia mwanawe apokee ufadhili wa kwenda shule ya watoto wenye akili. Huko Percy akafundishwa kwamba sentensi sharti iwe na kiima na kitenzi. Alirudi nyumbani akamfahamisha baba yake, mezani, mbele ya wadogo zake, kwamba yeye baba huwa hamalizi sentensi. Baba alimtazama, akampa sentensi iliyokamilika kila upande: "Kula viazi vyako." Percy alikula, lakini baadaye alimwambia mama kwamba baba anaanza kuendelea vizuri.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza, aliyekuwa mhariri msaidizi wa gazeti alichukuliwa jeshini. Percy alikuwa na nyayo bapa, jeshi halikumtaka. Hitler kwa upande wake, Bwana Ramsden kwa upande wake, kila mmoja akaanza kazi ya kuharibu vitu vya watu. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa makala zangu mbili za kwanza zilipita mikononi mwake, na nilipozisoma gazetini kati ya yote niliyoandika nilimtambua humo farasi tu.

Lakini mtu apewe haki yake. Ukutani nyuma ya kiti chake alibandika karatasi ya sheria, na mwandishi yeyote mpya alisimamishwa mbele yake kama mtoto mbele ya picha ya mfalme. Sentensi moja, jambo moja. Mkato si chumvi, usinyunyize. Ukishindwa kuisoma sentensi yako kwa pumzi moja, na msomaji atashindwa. Vivumishi waachieni wauza nyumba. Alama ya mshangao ni ya moto, na moto wenyewe uwe umeunguza angalau nyumba mbili. Binti mmoja aliingia mle na sentensi ya maneno sitini na moja kuhusu kikao cha baraza la mji, akatoka analia, lakini alitoka na sentensi nne ambazo mtu angeweza kuzielewa huku anakula mkate wa nyama. Binti huyo leo ni mwandishi mzuri. Hamsalimii Percy.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwisho: habari ikizidi, kata kuanzia chini. Jambo la maana hukaa juu, na kadiri unavyoshuka ndivyo mambo yanavyozidi kuwa makapi. Mkutano wa baraza, chini yake ulikuwa na shukrani kwa mfagiaji. Mazishi, chini yake yalikuwa na majina ya waliobeba jeneza. Yote hayo yalikwenda kwenye pipa lililokuwa karibu na goti lake la kushoto, na katika miaka thelathini na minane pipa hilo lilimeza majina mengi kuliko sajili ya ubatizo ya kanisa.

Sasa, cha kuchekesha ni kwamba mtu huyu alikuwa na tamaa moja tu duniani, na tamaa yenyewe ilikuwa kuliona jina lake gazetini. Wahariri wa ndani hawaandikwi majina. Hata tangazo la harusi yake na Mavis, mwaka 1947, liliondolewa ukurasani dakika ya mwisho kwa sababu ya theluji kubwa iliyofunga barabara zote, na Percy mwenyewe ndiye aliyeliondoa, kwa kuwa theluji ilikuwa habari na Mavis hakuwa. Mavis alimsamehe. Alikuwa amesikia kwamba wanaume wengine wanakunywa.

Basi mwaka 1978, ilipobaki miezi miwili astaafu, mhariri mkuu, Bwana Fairburn, alimwita akamwambia atampa mistari arobaini ukurasa wa saba, toleo la Ijumaa ya mwisho. Aandike alichojifunza kuhusu uandishi. Jina halitakaa juu, hiyo ni desturi, lakini aya ya mwisho inaweza kusema mwandishi ni nani. Percy alitoka mle ofisini amenyooka kama aliyevishwa nishani. Jioni hiyo alimwambia Mavis, na Mavis, mwanamke wa vitendo, alikwenda siku ya pili kununua fremu.

Kuandika kulimchukua wiki tano. Kinyozi hajinyoi, na huyu alikuwa na wembe mkali mno. Aliandika sentensi, akaifuta. Aliandika nyingine, akaona ina kivumishi. Mavis alimkuta mara nyingi jikoni anaitazama karatasi tupu kwa chuki, chai imepoa. Lakini hatimaye ikazaliwa: aya ya nukta, aya ya mkato, aya ya urefu wa sentensi, na mwisho mistari sita iliyosema kwamba mwandishi wa makala haya, Bwana Percy Ramsden, alijiunga na gazeti mwaka 1940 na anastaafu wiki hii. Aliisoma mistari hiyo sita mara nyingi kuliko sala.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, Bi Thirza Lumb aliingia. Bi Lumb alikuwa katibu wa chama cha akina mama cha kijiji cha juu, na kila Mei alileta kwa mkono wake taarifa ya maonyesho yao ya jemu na keki. Alikuwa anaandika kama anavyotembea kwenda gulioni, bila kusimama popote, akimsalimu kila mtu njiani. Percy alizichukia taarifa zake kwa moyo wote.

"Bwana Ramsden, sijaja kugombana," alisema, na Percy akajua kimewaka. "Miaka ishirini na miwili naandika mwishoni nani kamimina chai, na miaka ishirini na miwili hakitoki kitu. Ni Nellie Sugden. Mwaka huu ndio mwisho wake, ana themanini na moja, birika limemshinda. Na kila Mei yule mama anashuka mlima kwa miguu, ananunua gazeti, anajitafuta. Mwaka huu mwekee jina lake, bwana. Sikuombi kingine."

"Tatizo, Bi Lumb, sentensi zako ni ndefu."

"Basi zifupishe. Si ndiyo kazi unayolipiwa? Mimi naomba tu usizichinje."

Percy alisema ataangalia nafasi. Watu wa gazeti husema hivyo kama daktari wa meno anavyosema haitauma. Lakini Bi Lumb alimshukuru, akamwachia chupa ya jemu ya matunda ya damson mezani, na baada ya yeye kutoka Percy aliisoma ile taarifa. Mwishoni kulikuwa na mistari sita. Chai ilimiminwa na Bi Nellie Sugden, kwa mara ya ishirini na mbili na ya mwisho, akisaidiwa na fulani na fulani, na wote walisimama wakampigia makofi. Sitasema hakuguswa. Aliguswa kiasi cha kutotumia kalamu siku hiyo.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, kurasa zililazwa kwenye ile meza ya chuma ambayo wachapaji wanaiita jiwe, mistari ya herufi za madini ya risasi imepangwa ndani ya fremu zake, tayari kwa mashine. Mpangaji wa ukurasa wa saba alikuwa Stan Oddy, mtu aliyefanya kazi na Percy tangu vita na kumcheka tangu siku ya pili. Saa nane kasoro dakika kumi, Stan alimwita.

Mwuza nyama wa sokoni alikuwa ameongeza tangazo lake la soseji, na tangazo linalipiwa. Ukurasa ulikuwa umezidi. Umezidi kwa mistari sita.

Percy aliinama juu ya jiwe. Kushoto makala yake, kulia akina mama na jemu zao. Herufi za risasi husomwa kinyumenyume, lakini baada ya miaka thelathini na minane aliweza kuliona jina lake hata likiwa limepinduka. Aliliona pia la Nellie Sugden.

"Toa hiyo aya yako ya mkato," Stan alisema, akaigusa kwa ncha ya koleo. "Ina mistari sita kamili. Jina lako linabaki, mama wa watu naye anabaki, sote tunakwenda kunywa chai."

Hapo ndipo palipokuwa na njia, nyeupe kabisa, na aliyemwonyesha hakumtoza kitu. Tena wanaume wale wawili walijua kwamba hakuna mtu katika Garsdyke nzima ambaye Ijumaa angeamka akiulizia habari za mkato.

"Aya ile inabeba ile inayofuata," Percy alisema. "Ukiitoa, makala yanaanguka."

"Percy. Makala yenyewe yamesimama kwani?"

Percy hakucheka. Alianza kueleza, kwa sauti ya kile kiti chake, kwamba taarifa ya akina mama ina sentensi ya maneno hamsini na tatu, kwamba imeandikwa katika kauli ya kutendwa ambayo ni dhaifu, kwamba makofi si habari, na kwamba kanuni ni kanuni: habari ikizidi, unakata kuanzia chini. Yote yalikuwa kweli. Mimi nilikuwa meza ya jirani, na sijawahi kumsikia mtu akiwa na haki kiasi kile na akionekana vibaya kiasi kile. Stan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ana hakika. Percy akasema ana hakika. Stan akaiinua ile mistari sita ya kulia kwa vidole vyake, akaitupa kwenye sanduku la risasi ya kuyeyushwa, na mashine ikaanza kunguruma kwa wakati wake.

Kuna desturi ya wachapaji ambayo Percy alikuwa ameingojea karibu kama alivyolingojea jina. Mwenzao akistaafu, akipita mlangoni kwa mara ya mwisho, wote hugonga vyuma kwa nyundo na chochote kilicho mkononi, mpaka madirisha yanatetemeka. Jioni ile walimgongea. Alipita katikati yao na koti mkononi, machozi yanamlengalenga, na kelele zilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hakuweza kujua nani anagonga na nani hagongi. Mimi nilikuwa mlangoni na nilimwona Stan. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na aliendelea kuifuta mpaka kelele zilipokwisha.

Ijumaa asubuhi Mavis alimtuma dukani akalete nakala sita. Moja ya fremu, moja ya dada yake aliyeko Leeds, nyingine Mungu ndiye anajua. Percy alivaa tai kwenda kununua gazeti. Alipoingia, kulikuwa na mteja mmoja tu mbele yake, bibi kizee wa umbo dogo mwenye kofia ya sufu na viatu vyenye tope la mlimani, ambaye alikuwa amekwisha kulipa na amelifungua gazeti palepale juu ya kaunta, ukurasa wa saba.

Percy alimjua. Nani asiyemjua Nellie Sugden. Angeweza kutoka nje akasubiri, mvua yenyewe ilikuwa imekatika, lakini miguu ilikataa, na akasimama pale akikitazama kidole cha bibi kikishuka kwenye safu ya jemu, taratibu, mstari kwa mstari, keki ya limau, keki ya tangawizi, mshindi wa kwanza, mshindi wa pili, mpaka kikagonga soseji za mwuza nyama. Kikakaa hapo kidogo. Kisha kikarudi juu kuanza upya, kama labda kimeruka mahali.

Nellie alipogeuka akamwona Percy, alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli.

"Bwana Ramsden. Nimekuona humu, hongera. Limekaa vizuri jina lako." Alilikunja gazeti kwa shida, vidole havikunjiki vyema. "Ngoja nikuulize, maana nimekuwa nikijiuliza siku zote. Hivi vinavyokatwa huku chini, hukata mtu au hukata mashine?"

Mwenye duka aliinua uso. Percy alilegeza tai, akasema ni mashine.

"Nilimwambia Thirza hivyohivyo," Nellie alisema, akilitia gazeti kikapuni. "Nilimwambia, binadamu hawezi kumfanyia mwenzake hivi mara ishirini na mbili."

Akamtakia mapumziko mema, akatoka kwenda kuupanda mlima.