Kisahani cha Tatu

Mzee Darubini, kama walivyomwita pale maabara, alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Miaka ishirini na mbili alikuwa ameinamia darubini akisaka vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi ya watu, na meza yake haikuwa na doa. Halafu akaja binti wa juzijuzi tu, na madaktari wote wakawa ni binti huyu, binti huyu. Roho ilimuuma. Kila jioni alimsengenya kwa mdogo wake, fundi cherehani aliyekaa naye nyumba moja.

"Mikono yake michafu yule. Utaniambia."

Mdogo wake alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu mara mbili na bado alikohoa damu. Nguo alizojishonea mwenyewe zilikuwa zinampwaya. Kila akipimwa, vijidudu havionekani, na kaka mtu aliogopa asije akamzika.

Asubuhi moja Mzee alikuta kisahani ambamo binti alikuwa ameotesha makohozi ya mgonjwa kimejaa ukungu wa kijani. Alifurahi, tusidanganyane. Desturi ya maabara ile ilikuwa moja: ukungu umetoka hewani au mikononi, kwa hiyo tupa, andika "uchafu". Mbio akamwita mkuu wao.

"Njoo uone usafi wa kipenzi chenu!"

Binti alifungua daftari. "Mzee, sampuli ya namba hii imeota ukungu mara tatu. Mara mbili ni mezani kwako, ukatupa. Uchafu gani huo unaomfuata mgonjwa mmoja? Uko mapafuni mwake."

Hata hapo kilichomjia kwanza ni wivu: kwa nini hakuliona yeye? Sampuli zilikuja na namba tu, basi mkuu akapiga simu mapokezi kuuliza jina. Alipolitaja, Mzee akakaa chini. Lilikuwa la mdogo wake.

Picha ya kifua ilionyesha donge la ukungu limejikalia ndani ya tundu lililoachwa na kifua kikuu. Daktari alimwanzishia vidonge vya miezi sita kwa uchache, huku ini likichungwa lisidhuriwe na dawa, na hakuahidi kupona.

"Bahati yangu nina kaka maabara," fundi alisema jioni ile. "Ni wewe uliyegundua, eti?"

Mzee alitamani sana kuitikia.

"Ni yule binti. Mimi nilitupa mara mbili."

Fundi alikohoa, akafuta mdomo, akamtazama kaka yake.

"Yule mwenye mikono michafu?"