Vanishi ya Baba

Baba yangu alikuwa seremala, na katika nyumba yetu ya Bunia majivuno yake aliyaweka mahali pamoja tu: mlango wa depo. Ukuta uliotenga sebule na depo, kile chumba kidogo alichohifadhia mbao, ulikuwa wa mbao pia, umepakwa rangi, chini kijani, juu nyeupe, kama nyumba nyingi za mtaa wetu. Mlango wenyewe ulikaa sawasawa na ukuta, lakini aliuacha na wekundu wake wa asili, akaupaka vanishi, kisha vanishi juu ya vanishi, mpaka mama akawa anafungia kilemba mbele yake kama kwenye kioo. Baba alikufa, mlango ukabaki unang'aa. Mgeni akiingia aliuona kabla hajatuona sisi.

Vita vilipoingia mjini, kung'aa kule kukawa balaa. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa wa kabila lililokuwa likitafutwa majuma yale. Nasema majuma yale kwa sababu mji ulikuwa ukibadilisha watawala, na waliotafuta jana walitafutwa kesho. Kaka alikuwa Mongbwalu anachimba dhahabu, barabara ikafungwa, akabaki huko na mkewe akabaki kwetu. Majirani tuliwaambia amekimbilia Boga. Waliitikia kwa kichwa, na hakuna aliyejua nani ameamini. Ndipo mama akaamua: wifi ataishi depo, na mlango wa depo utapakwa rangi mpaka uwe ukuta.

Makopo ya baba yalikuwepo bado, la kijani na la nyeupe. Nikachukua brashi, nikapaka. Sikuosha wala sikukwangua, nilitaka tu ule mlango upotee. Rangi ilikaa juu ya vanishi kidogo, ikajikusanya matone matone, ikaanza kuteremka kama maziwa yaliyomwagika. Palipokauka, nilipitisha ukucha, ikatoka ngozi nzima, na chini yake vanishi ya baba ikinicheka. Haraka haraka haina baraka, husema watu ambao hawajawahi kutafutwa na wenye bunduki.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, “Baba yako angeikwangua kwanza. Vanishi haipende kitu juu yake.” Ilikuwa kweli, na nilimkasirikia marehemu kwa ufundi wake.

Karatasi ya msasa haikuwepo sokoni. Maduka yalikuwa yamevunjwa, na hata kama yangekuwepo, nani angethubutu kuiulizia? Tukarudi kwenye yale aliyoyafanya baba karatasi ilipomwishia. Kwanza tuliosha mlango kwa sabuni na maji ya majivu, kuondoa mafuta ya mikono na moshi wa miaka. Kisha tukavunja kioo cha dirisha lililokwisha pasuka, na kwa makali ya kipande tukaikwangua vanishi ikitoka unga wa manjano. Baada ya kioo, majani ya mti wa msasa, yale makavu yenye kukwaruza kama ulimi wa paka, kusugua mpaka mbao ikose mng'ao kabisa. Mwisho kitambaa chenye maji, kufuta vumbi, maana rangi ikishika vumbi imeshika hewa.

Tatizo lilikuwa sauti. Kioo juu ya mbao kavu kinalia, na mtaa wenyewe ulikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu akikohoa nyumba ya tatu. Basi mama akatoa kinu uani akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Alipotwanga, nilikwangua. Alipopumzika, nilikaa nimeshika kioo hewani, jasho likinitoka. Wifi alikwangua upande wa ukingo, akinifuata mkono kwa mkono. Tulikula sombe mchana, tukala sombe jioni, na majani ya shamba la nyuma yakaanza kubaki vijiti.

Jirani yetu wa uzio hakuwa mjinga. Alichungulia akauliza, “Mama, kila siku sombe? Nyama na samaki munaviacha kwa nani?”

“Sombe ndiyo ile Mungu anatupatia,” mama alijibu bila kuacha mchi.

“Na hii harufu ya penture? Bonane ingali mbali.”

Kwetu nyumba hupakwa rangi kwa sikukuu ya mwaka mpya, au kwa jambo kubwa la familia. Nani hupaka rangi watu wakizikwa? Mama alitwanga mara nyingine, kisha akasema, “Bakwe beko nakuya kuleta dot ya huyu mutoto wangu.”

Jirani alinitazama juu ya uzio, mimi niliyekuwa sijaolewa, nimeshaitwa mzee wa nyumba na watoto wa mtaa. “Mungu iko,” alisema kwa huruma. “Hata weye umepata.” Nilitamani kumrushia mchi. Lakini habari ya posa na mahari yangu ilizunguka mtaa mzima, ikafika mbali kuliko harufu ya rangi, na hiyo ndiyo tuliyoitaka.

Mkono wa kwanza tuliupaka mwepesi, rangi iliyochanganywa na petroli ya taa ili inywewe na mbao. Ilishika. Nilipitisha ukucha haikutoka, nikalia kidogo kwa furaha, jambo la kipumbavu. Tulivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta ili mstari wa kijani na nyeupe uende sawa. Kitasa tuliking'oa, tundu lake tukaliziba kwa sabuni. Kisha wifi akaingia depo na godoro, ndoo na galoni la maji, mlango ukafungwa, na mkono wa pili nikaupaka yeye akiwa ndani, nikifunika na ufa wa kando. Chakula tungempitishia tundu dogo upande wa uani, kisha tunaliziba kwa tofali.

Walikuja rangi ya kijani haijakauka. Walikuwa vijana wenye bunduki, na mkubwa wao aliyevaa shati safi alimuuliza mama, “Muke ya mutoto yako iko wapi?”

“Alikwenda Boga, baba.”

Wenzake walipekua vyumba, wakachukua redio, wakabeba na sufuria ya sombe. Yeye alisimama sebuleni akatuangalia, kisha akachoka kusimama, akaegemea. Aliegemea ule mlango. Nilisikia shati lake likinata.

Alijitoa, akashika mgongo, akaona kijani mkononi. “Hii nini?”

Nilitazama mbao kabla sijamtazama yeye. Rangi ya juu ilikuwa imeondoka kwa umbo la mgongo wake, lakini chini yake kulikuwa na kijani kingine, cha mkono wa kwanza, kimeshika. Wekundu haukuonekana popote.

“Ni penture ya dot ya mutoto, baba,” mama alisema. “Vua shati, nikusafishie na petroli. Haitabakia alama.” Alimwita baba, kijana ambaye angeweza kumzaa akiwa ameshachoka kuzaa.

Alivua. Akavuta kigoda, akakaa kifua wazi, mgongo kwa mlango, akimsubiri mama afue. Kati ya mgongo wake na wifi ulikuwepo unene wa mbao moja. Nilisikia kitambaa majini, nikasikia inzi, na nikawa nasikiliza upande ule wa pili kwa nguvu zote, nikiomba asikohoe. Shati lilipotakata alilivaa bichi. “Tutarudia kwa feti yako ya dot,” aliniambia, akacheka, wakaondoka.

Hatukufikiri. Nilisukuma kisu ukingoni, mama akavuta, mlango ukafunguka kwa mlio wa ngozi inayochanika. Wifi alitoka na kitenge amekiuma kwa meno, akakitoa mdomoni, tukakumbatiana watatu. Kisha yeye ndiye aliyeona. Pande zote za mlango, juu, chini, kando, rangi ilikuwa imepasuka, na mpasuko ule ulichora mlango vizuri kuliko vanishi ilivyowahi kuuonyesha.

Wifi yangu yuko hai, namshukuru Mungu, analima na ana wajukuu. Lakini mchana ule hilo halikujulikana, na wale walikuwa wamesema watarudi. Mama alianza kusema labda akafichwe shambani, labda kanisani. Wifi alimsikiliza kwa heshima, akanywa maji, akabeba galoni jipya.

“Wifi, upake tena,” aliniambia. “Na tusifungue tena, hata nikilia. Mpaka vita iishe.”

Akaingia, akauvuta mlango mwenyewe. Nilikoroga rangi, nikaanza juu, nikiziba ule ufa taratibu, na nilimsikia ameinama upande wa pili, mdomo karibu na sakafu.

“Kule chini usiweke mingi,” alisema. “Uniachie pa kupumulia.”