Sura za Mama na Firigisi

Mhariri wangu ni kijana mpole, lakini siku hiyo kwa simu alinikera. Nilikuwa nimemaliza riwaya ya vijana, kuhusu msichana anayetolewa kwao Bungoma kwenda kuishi na shangazi yake karibu na Kitale. Sura nyingi anasimulia msichana mwenyewe. Tatu nilimwachia mama yake.

"Hizo tatu toa," mhariri akasema. "Mtoto wa kidato cha pili anataka kusimuliwa na kijana mwenzake. Mtu mzima akishika hadithi, anafunga kitabu."

Nikarudi kwa shughuli zangu hapa Kitale nikinung'unika. Bila mama yule, kitabu kingekuwa malalamiko matupu ya mtoto. Isitoshe, msichana yule ni mimi. Nikiwa darasa la nne, senge, yaani dada yake baba, alinichukua kutoka kwetu Kanduyi, Bungoma, akanipeleka kwake Endebess, karibu na Kitale, na sikurudi kuishi nyumbani tena. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Kwa hiyo nilimbunia mama wa kitabuni sababu: njaa. Mavuno yamekosekana, watoto ni wengi, mmoja apunguzwe. Katika sura zile tatu nilimsamehe, na nilizipenda kuliko nyingine zote.

Nikatafuta shahidi. Nilimtumia mpwa wangu riwaya nzima kwenye simu. Yeye ni binti ya kaka yangu, yuko kidato cha pili, na likizo hukaa na mama. Jumamosi nikaenda Kanduyi kusikia hukumu.

Mama, kama kawaida yake, alikuwa ameshachinja kuku. Kila nikienda huchinja, na kila mara huniwekea firigisi kwenye sahani. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Enzi za nyanya zetu mwanamke hata kuku mwenyewe hakumla. Mwingine angeringa. Mimi ilinichoma, maana mtoto wa nyumbani hapewi cha mgeni. Sikuwahi kumwambia.

Tulikaa uani, mimi nikinyonyoa kuku, mama akichambua maharagwe. Nikamuuliza mpwa wangu ameionaje hadithi.

"Senge, iko poa," akasema. "Lakini hizo za mama niliruka. Zinaboo, bana. Ati anahesabu tu debe za mahindi."

Mhariri angesikia, angecheka hadi jino la mwisho.

"Mama gani huyo?" mama akauliza. Siku hizi macho yake hayaoni maandishi. "Hebu nisomee."

Mpwa wangu akasoma. Mama akaacha maharagwe. Jambo nililoogopa kumuuliza maisha yangu yote sasa alikuwa akisomewa mchana kweupe. Sura ilipoisha, alicheka.

"Ati njaa? Hiyo mwaka mahindi ilijaa mpaka tukalala nayo kwa nyumba. Huyu mama ni wa wapi?"

"Sasa mbona mlinipeana?" Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Senge yako hakuwa na mtoto. Alikuja hapa akalia, akaomba mmoja wa kukaa naye. Baba yako akasema tumpatie yule ndugu yako mtundu, tupumzike. Nikakataa. Mtu akilia hivyo, si unampatia ile kitu unapenda? Nikampatia wewe."

Mikono yangu ilikuwa imejaa manyoya, sikuweza hata kujifuta macho. Nilimpenda, na nilimkasirikia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsamehe kosa ambalo hakulifanya.

"Mama, hukuniambia."

"Si umeniuliza leo."

Tulipokaa kula, firigisi ikatua kwenye sahani yangu. Safari hii sikunyamaza.

"Mama, mimi si mgeni."

"Nani amesema ni ya mgeni?" Alikuwa bado ameshika mwiko. "Ile siku ya kwenda nilikuchinjia kuku. Nikaambia baba yako, leo firigisi ni ya mtoto. Lakini gari ya Kitale ikakuja mapema, senge yako akakushika mkono, mkaenda. Nikabaki nayo kwa sufuria."

Mpwa wangu aliacha kutafuna. "Senge," akasema polepole, "hiyo andika. Hiyo siwezi ruka."

Jumatatu nilimwambia mhariri kwamba sura zile tatu nimezitoa, kama alivyotaka, na kwamba kuna moja mpya, ya mama aliyebaki na sufuria, nayo haitoki hata akinuna. Lakini hayo ni ya Jumatatu. Siku ile nilikula firigisi yangu, na mama akanitazama hadi nikameza.